Mashine Tuliyoinunua Tukingoja

Mimi nilitaka ile ya gesi. Naliweka hili mbele kabisa, kwa sababu msibani kwa mume wangu walikuwapo shemeji zangu wa mbali waliosema kwamba mke wa mjini ndiye aliyemfunga mwanamume wao kwa waya wa stima asirudi kwao. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi ni mzee sasa, na nitawaambia hata hao.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya meli, pale gatini Kisumu. Mimi nilikuwa mshonaji. Tulipanga vyumba viwili Mamboleo, ubavuni mwa kinu cha unga, na kwa sababu ya kinu hicho tulikuwa na stima wakati majirani wengi walikuwa bado wanasoma Biblia kwa koroboi. Kila jioni alipotoka kazini alikuta watu wanamngoja mlangoni. Huyu ana mkokoteni uliokatika mhimili, yule ana kitanda cha chuma kilichoachia mguu. "Baba, nisaidie hapa kidogo tu." Naye hakuwa na cha kuwasaidia nacho, maana mashine zilikuwa za karakana na zililala karakana. Ndipo akaanza kusema kwamba anataka mashine yake mwenyewe, ndogo, ya nyumbani.

Hapo kwenye neno nyumbani ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Kwetu Wajaluo, mtu wa mjini ana pa kulala tu. Nyumbani ni dala, boma lenye uzio na lango, mahali unapozikwa. Kwa mume wangu ni Nyakach, si mbali na soko la Pap Onditi. Kijana wa kwetu hujenga simba, kibanda chake ndani ya boma la baba yake, na humo huleta mke. Lakini haishi humo milele. Akishakuwa mtu mzima mwenye watoto, hutoka na kufungua boma lake mwenyewe, na siku hiyo mkewe huwa mama mwenye jiko na mwenye lango.

Mimi nilikuwa na watoto wa kutosha kujaza benchi la kanisa, na bado nilikuwa wa simbani. Kila Krismasi tukienda nyumbani nilikwenda kwa mama mkwe kuazima sufuria kama bibi harusi wa jana. Wanawake walioolewa nyuma yangu walinipita wakiwa na malango yao. Niliwaonea wivu, na sioni kwa nini nifiche.

Kilichotuzuia ni mkubwa wake. Mume wangu alikuwa na kaka mmoja tu, na mdogo hafungui boma kabla ya mkubwa. Akimvuka kaka yake, huleta chira, laana inayokondesha watoto mpaka nyumba iishe. Wengine mjini walijifanya hawaamini, lakini sikumwona hata mmoja wao aliyejaribu.

Kaka huyo alikuwa Jinja, Uganda, akifanya kazi kiwandani tangu kabla sijaolewa. Nilimpenda. Alikuwa mtu wa vicheko, mwenye kofia iliyoinamishwa upande, na kitenge nilichovaa wiki ya kuingia ukweni kilitoka mkononi mwake. Kila alipokuja aliniambia, "Shemeji, vumilia. Mwaka ujao nafungua dala, halafu nyinyi mnanifuata." Na mwaka ujao ukawa mwaka ujao.

Kisha wanajeshi wakaishika Uganda. Watu wetu walianza kurudi, mmoja na godoro, mwingine na nguo za mwilini tu. Mume wangu alikuwa akitoka kazini na kwenda kusimama stendi ya mabasi kuwauliza. Mmoja alisema amemwona sokoni, mzima. Mwingine alisema alichukuliwa. Wa tatu alisema hamfahamu mtu kama huyo. Halafu hata wa kuulizwa wakaisha. Shemeji yangu hakuwa amekufa wala hakuwa hai. Alikuwa katikati, na sisi tukakwama naye hapo.

Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya baba mkwe kufariki. Siku moja alituita Nyakach, akatukalisha chini ya paa la mama mkwe.

"Mtu akipotea tunazika yago," alisema. "Tuzike, tulie, yaishe. Huyu afungue dala. Watoto yake imekuwa mikubwa."

Yago ni tunda la mti wa mwegea, refu na zito kama mkono wa mtu. Maiti isipopatikana, watu wa kwetu hulifunga tunda hilo sanda, hulililia, hulizika, na aliyepotea huhesabiwa kuwa amezikwa. Hapo mdogo huwa huru. Nilisikia moyo wangu ukiruka. Mungu anisamehe, niliruka kwa furaha katika kikao cha kumzika mtu niliyempenda.

Mama mkwe alitikisa kichwa. "Mimi bado sijamwota. Mtoto wangu akikufa atakuja kuniambia yeye mwenyewe."

Wote wakamgeukia mume wangu. Alikuwa akitazama mikono yake, ile mikono yenye madoa ya cheche.

"Baba, siwezi," alisema. "Nikizika yago leo, kesho akuje akute kaburi yake, ataingia wapi?"

Siku hiyo nilimchukia. Baadaye nikaona aibu, na tulipofika Ahero, njiani kurudi mjini, nikamchukia tena.

Haikupita muda tukaenda kuchagua mashine. Duka lilikuwa barabara kuu ya Kisumu, la mzee mmoja Mhindi aliyejulikana na mafundi wote wa mji. Alikuwa nazo mbili za kutufaa. Ya umeme ilikuwa sanduku la chuma la kijani, fupi na nene, lenye waya wa kushika fimbo ya kuchomelea na waya wa kung'ata chuma kinachochomelewa. Ya gesi ilikuwa pipa dogo la kutilia maji na mawe ya kabaidi yanayotoa gesi, pamoja na chupa ndefu ya oksijeni na mipira miwili. Nilizitazama na kuona kwamba moja imezaliwa na mizizi na nyingine imezaliwa na miguu.

Mume wangu alichuchumaa mbele ya lile sanduku la kijani. Aliomba liwashwe, akaweka sikio lake juu yake, akafumba macho. Alisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto.

"Hii ikiwaka kwa nyumba, si kinu ya jirani itazima?" aliuliza.

"Hapana zima," alisema mwenye duka. "Hii ndogo, ya nyumba. Lakini lazima pumzika. Choma kidogo, pumzika kidogo. Ikipata moto sana, wewe iko na hasara." Kisha akanigeukia mimi, labda kwa kuwa uso wangu ulikuwa umeshasema. "Mama, nyinyi nakaa wapi? Kama nyumba iko bara huko, chukua ya gesi. Stima hapana taka. Chupa ikiisha, tuma na basi, mimi najaza. Hii ya stima, mahali stima hakuna, ni jiwe tu."

"Baba watoto, umesikia?" nilisema. "Jiwe."

"Nimesikia."

"Na sisi tutaenda Nyakach ama hatuendi?"

"Tutaenda, Nyar Kano." Aliniita hivyo siku zote, binti wa Kano, kwa kuwa nilizaliwa upande wa Ahero.

"Na hii itawaka na nini huko? Na maombi?"

"Stima itafika. Nguzo ziko Ahero tayari."

"Hizo ni za pampu za mpunga! Mimi ni wa huko, usinidanganye. Zilifika kwa mpunga zikasimama."

Mwenye duka akaanza kupangusa mizani iliyokuwa safi. Mume wangu akasimama, akaweka kiganja juu ya lile sanduku, akasema kwa sauti ya chini, "Itafika na yeye."

Hapo nilielewa, na kuelewa hakukunisaidia. Kununua ya gesi kungekuwa kujiandaa kwenda nyumbani, na kwenda nyumbani kungekuwa kukubali kwamba kaka hatarudi. Alikuwa amekataa kuzika yago mbele ya wazee, na sasa alikuwa akikataa mara ya pili mbele ya Mhindi na mizani yake. Alinunua ya umeme. Ilibebwa na vijana kwa mkokoteni mpaka Mamboleo, nami nikafuata nyuma nimenuna, nikisemasema.

"Cherehani yangu inakwenda kwa miguu," nilimwambia. "Popote penye miguu, nashona. Yako inangoja nguzo."

Alicheka. "Subira huvuta heri."

"Na ngojangoja huumiza matumbo."

Nisiseme uongo, mashine ilikuwa nzuri. Aliiweka barazani na kuifunika kwa shuka niliyomkatia. Akitaka kuchomelea alipaza sauti, "Macho!" na watoto wote, na kuku nusura nao, waligeukia ukutani mpaka mwanga ule mweupe uzime. Watoto wa jirani walijifunza pia. Ungesikia "Macho!" na baraza zima likawa migongo mitupu. Alitengeneza vitanda, madirisha na jiko moja la mkaa ambalo bado ninalo.

Mwaka mmoja alianza kuleta vyuma vizuri zaidi, nondo na bapa, akivipanga chini na kuvipima kwa kamba. Nilijua ni lango kabla hajasema. Sikumwuliza, niliogopa kuuliza. Niliona tu likisimama kidogo kidogo, mabawa mawili, marefu, yenye bawaba za kubeba kweli. Niliwaambia wateja wangu wa nguo. Nilikwenda mwenyewe kununua rangi ya buluu. Nikiwa cherehanini nilikuwa naimba, na watu wanaonijua watakuambia mimi si mtu wa kuimba.

Siku ya mwisho alikata bamba la chuma umbo la ngege, samaki wetu wa ziwani, akalichomelea katikati ya bawa la kulia. Mkia wake ulikuwa umepinda kama anayeogelea.

"Samaki wa nini?" niliuliza.

"Yeye ndiye alinifundisha kuvua."

Nilikuwa na kopo la rangi mkononi. Nililiweka chini polepole, maana kama ningeliweka haraka ningelitupa.

"Hili lango ni la nani?"

"La kaka. Akirudi asipate sababu ya kuchelewa tena. Atakuta lango liko tayari. Atajenga, na sisi tumfuate."

"Na langu?"

"Lako linafuata. Huwezi kuanza la mdogo."

"Hata lango?"

"Hata lango."

Niliingia ndani nikalia mpaka kitambaa cha mteja kikaloa. Nilimlilia yeye, na kaka yake, na wajinga wote wanaoheshimiana. Kesho yake nilitoka na kulipaka lile lango rangi, kwa sababu rangi ilishanunuliwa. Samaki nilimwacha bila rangi. Mume wangu akampaka mwenyewe.

Lango langu alilianza majira ya vumbi yaliyofuata, wakati kifua chake kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Kazi gatini zilikuwa zimepungua, nchi tatu za Afrika Mashariki zikivutana juu ya meli, na yeye alikuwa barazani zaidi kuliko karakana. Moshi wa mabati na vyuma vyenye rangi aliuvuta miaka mingi, huko na hapa. Nilimchemshia majani, nikampeleka zahanati, nikamkataza. Alichomelea kidogo akapumzika kidogo, kama mwenye duka alivyoagiza, ila sasa aliyehitaji kupumzika alikuwa fundi. Alifika mahali pa kushikiza. Fundi hushikiza kwanza: anachoma nukta ndogo kwenye kila pembe ili vyuma visimame pamoja, aone kama vimenyooka, kisha ndipo anarudi na kuunganisha sawasawa. Lango langu lilisimama kwa nukta hizo. Ukilitazama kwa mbali ungesema limekwisha.

Mvua za masika zilipoanza alilazwa. Nilikaa naye mchana, nikimpepea na kumsimulia habari za Mamboleo, nani amegombana na nani. Siku moja aliniambia, "Lile la samaki usiuze."

"Siuzi."

Nikangoja. Nilitaka anitajie langu, niliona haya kuuliza mgonjwa. Alivuta pumzi ndefu, ikachukua muda.

"Lako nimeshikiza tu," alisema. "Usilisukume, Nyar Kano. Litaachia."

Alifariki siku chache baadaye.

Lori lilitubeba kwenda Nyakach: yeye mbele ndani ya sanduku, watoto na mimi pembeni, na nyuma mashine na malango mawili. Wakamzika ndani ya boma la baba yake, karibu na simba yetu, kama anavyozikwa kijana ambaye hajafungua boma. Mwanamume mwenye mvi masikioni, baba wa watoto wa kujaza benchi, akazikwa kama kijana. Hapo ndipo shemeji wale waliponong'ona kuhusu mke wa mjini. Niliwasikia.

Mashine tuliiweka simbani. Nguzo hazikuwa zimefika Pap Onditi. Mwenye duka alisema kweli, ilikuwa jiwe tu, na kuku wa mama mkwe alipata mahali pakavu pa kutagia. Lango la samaki tuliliegemeza ukutani, langu tukaliweka nyuma ya simba, mahali ambapo hakuna mtu wa kulisukuma. Nilirudi Mamboleo kushona ili watoto wasome. Kwa muda mrefu mtoto wangu wa mwisho aligeukia ukutani kila aliposikia mtu anapaza sauti barazani.

Vita vya kuwang'oa wale wanajeshi wa Uganda vilikwisha. Krismasi iliyofuata nilikuwa Nyakach, nimekwenda kuazima sufuria, nilipomwona mtu anapita kwenye uzio, amekonda, kofia imeinamishwa upande. Nilimjua kwa kofia. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Niliwaambia. Sijamwota," kisha sinia likamwanguka.

Alipomaliza kumshika mama yake alinigeukia, anatabasamu kwa meno yaliyobaki.

"Shemeji! Mko hapa kwa mama? Huyo mdogo wangu alijenga upande gani?"

Nilimshika mkono nikampeleka kaburini. Majani yalikuwa yameshaota juu yake. Alitazama kaburi, akatazama simba, akatazama kule nje ya uzio ambako hakukuwa na boma lolote, na nikaona akielewa kimoja baada ya kingine.

"Hakujenga," alisema.

"Alikungoja wewe."

"Si angezika yago?" Sauti yake ilipanda. "Mimi nilinyamaza juu ya hiyo! Kazi ilienda, kila kitu ilienda. Sikuwa na kitu ya kujenga nayo. Nikasema, nikirudi mikono mitupu nitamziba yule kijana mpaka azeeke. Nikinyamaza watanihesabu maiti. Watazika yago, yeye atapita bila chira. Watu walikuwa wanavuka kuja huku, ningetuma neno. Sikutuma. Nilinyamaza kwa sababu yake!"

Nilimwambia yote, nimesimama, bila kumpunguzia. Kikao cha yago na alichojibu mume wangu. Duka, gesi na umeme. Samaki. Alikaa chini kwenye majani, akalia kwa sauti, na mama mkwe akatoka akalia naye. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo sijui niipeleke kwa nani. Mmoja alikataa kumzika mwenzake, na mwenzake akajizika mwenyewe ili asiwe mzigo. Walipendana wanaume wale. Sijaona ndugu waliopendana hivyo, na sitaki kuona tena.

Kiangazi kilichofuata wazee walimsaidia kufungua boma. Kama desturi inavyotaka, baba mdogo alitangulia asubuhi na jogoo, shoka na moto, na nyumba ikasimama siku hiyo hiyo. Vijana walilitoa lango la buluu ukutani, wakalipangusa buibui, wakalifunga kwenye miimo. Lilikaa sawasawa. Mume wangu alikuwa amepima kwa kamba, barazani Mamboleo, uzio ambao haukuwapo, na lango halikuzidi wala kupungua.

Watu walikusanyika. Shemeji alilifungua bawa lenye samaki, akasimama pembeni, akavua kofia.

"Nyar Kano," aliniita, kwa jina lile lile. "Ingia wewe kwanza. Hii ni mkono ya mume wako."

Nilitazama ndani, pale penye vumbi jipya na moshi wa kwanza. Nililifikiria langu nyuma ya simba, limesimama kwa nukta zake.

"Hapana," nikamwambia. "Tangulia. Wewe ndiye mkubwa."